Hewa ya Mlimani na Ubongo wa Mtoto Mchanga: Somo kutoka Njia Panda ya Chalinze

Chalinze ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 100, hugawanyika hapo. Mkono mmoja huelekea Morogoro, Iringa, Njombe na Mbeya. Mkono wa pili hupita Msata na Segera kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Mji wenyewe haufiki mita 300 juu ya usawa wa bahari, ilhali mabasi mengi yanayosimama pale ama yanatoka milimani ama yanapanda milimani. Miongoni mwa abiria wamo wajawazito wanaokwenda kujifungulia kwa mama zao, na wazazi waliobeba watoto wa wiki mbili tatu wakirudi makwao. Wengi wao huwa na swali lililo la haki kabisa: je, hewa ya kule juu, ile ambayo watu husema ni nyepesi, yaweza kuudhuru ubongo wa mtoto aliyezaliwa juzi?

Swali hilo lina majibu mawili, na la pili ndilo zito zaidi. Jibu la kwanza ni kwamba kwa mtoto aliyetimiza miezi yake na mwenye afya, miinuko ambayo Watanzania wengi wanaishi haiudhuru ubongo. Jibu la pili ni kwamba ukosefu wa oksijeni unaoua na kulemaza ubongo wa watoto wachanga upo, lakini haungojei mlima. Hutokea katika chumba cha kuzalia, mahali popote, hata pwani, na kwa kawaida huamuliwa ndani ya dakika chache.

Ili kuelewa jibu la kwanza, ni vema kuiangalia hewa yenyewe. Watu hudhani kwamba mlimani kuna oksijeni kidogo kwa maana ya kwamba mchanganyiko wa hewa umebadilika. Sivyo. Pwani na kileleni, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Kadiri mtu anavyopanda, uzito wa hewa iliyo juu yake hupungua, chembe za hewa hutawanyika, na pumzi moja hubeba oksijeni chache kuliko ile iliyovutwa bondeni. Chalinze, mgandamizo huo ni karibu sawa na wa Bagamoyo. Iringa, kwenye mita zipatazo 1,600, hubaki kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Njombe, karibu na mita 1,900, hubaki kama asilimia 80. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hubaki takriban nusu.

Upungufu wa sehemu moja kati ya tano unaonekana mkubwa, lakini damu haipungukiwi kwa kiwango hicho. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, ina tabia ya kujaa mapema. Hata mgandamizo ukishuka kiasi, huendelea kushika karibu mzigo wake wote, na ni pale mgandamizo unaposhuka sana ndipo mzigo huanza kuporomoka kwa kasi. Kwa hiyo mtoto mwenye afya aliyeko Njombe hupungukiwa kwa asilimia chache tu akilinganishwa na mwenzake wa Chalinze.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Mtoto amekwisha kuishi mlimani kabla hajazaliwa. Mwanafiziolojia wa Uingereza, Joseph Barcroft, aliyeongoza msafara wa uchunguzi hadi Cerro de Pasco katika milima ya Peru mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyelinganisha hali ya mtoto tumboni na ya mtu aliye juu ya mlima Everest. Damu inayomfikia mtoto kupitia kitovu ina mgandamizo mdogo wa oksijeni, chini ya theluthi moja ya ule ulio katika damu ya mtu mzima aliye pwani. Hata hivyo ubongo wake hukua vizuri kwa muda wa miezi tisa. Anayo himoglobini ya aina ya pekee, inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama yake. Anazo chembe nyekundu nyingi. Na moyo wake huupelekea ubongo damu ya kutosha kabla ya viungo vingine. Ubongo huo ni mlaji mkubwa. Kwa mtoto mchanga hutumia karibu nusu au zaidi ya nishati yote ya mwili uliotulia, wakati kwa mtu mzima hutumia kama sehemu moja kati ya tano.

Hii ndiyo sababu mtoto hazaliwi akiwa na oksijeni kamili. Anapotoka tu, kipimo cha oksijeni katika damu yake huwa kama asilimia 60, na hupanda polepole. Katika dakika ya tano hufika kati ya 80 na 85, na katika dakika ya kumi kati ya 85 na 95. Mhudumu anayefunga oksimita kwenye mkono wa kulia wa mtoto mwenye dakika mbili, akaona 68, akakimbilia mtungi wa oksijeni huku mtoto analia na mapigo ya moyo yake ni mazuri, amekimbizwa na namba. Mtoto huyo ni mzima.

Je, juu zaidi ya Njombe kuna nini? Hapo ndipo inapobidi kutoka nje ya Tanzania, kwa kuwa hakuna mji wetu unaofikia mita 2,500. Uchunguzi unaofundisha zaidi ulifanywa Lhasa, Tibet, kwenye mita 3,658, na kuchapishwa mwaka 1995 na Daktari Susan Niermeyer na wenzake. Walilinganisha watoto wa Kitibeti, ambao mababu zao wameishi mlimani kwa maelfu ya miaka, na watoto wa Kihan, ambao wazazi wao walihamia kutoka mabondeni. Walikuwa 15 kwa kila upande. Siku za mwanzo tofauti ilikuwa ndogo: wastani wa pande zote mbili ulikuwa asilimia 90 au zaidi. Lakini baada ya miezi minne, wakiwa katika usingizi mtulivu, watoto wa Kitibeti walikuwa na wastani wa asilimia 86, na wale wa Kihan walikuwa wameshuka hadi 76. Watoto wa Kihan pia walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Mlima mrefu, basi, hauwapigi watoto wote kwa kipimo kimoja, na hatari yake haionekani siku ya kuzaliwa bali hujijenga baadaye, hasa usingizini.

Kuhusu akili na wepesi wa kufikiri, uchunguzi uliofanywa Bolivia, nchi ambayo watu wake wanaishi kuanzia mabondeni hadi mita 4,000, umeonyesha kwamba wanaokulia juu sana huwa wazito kidogo katika kuitikia na kutenda haraka. Ni upungufu wa wastani, na watoto hao husoma na kufaulu. Haufanani hata kidogo na ulemavu anaoupata mtoto aliyekosa hewa alipozaliwa. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha somo hili. Mlimani oksijeni hupungua, lakini damu inaendelea kutembea, na ubongo huongezewa damu ili kufidia. Katika kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, oksijeni hukatika, kisha moyo huchoka, kisha damu yenyewe husimama. Ubongo wa mtoto mchanga huvumilia uchache wa oksijeni. Hauvumilii kusimama kwa damu.

Mlima ulio ndani ya chumba cha kuzalia

Daktari Niermeyer huyo huyo alikuja kuwa mmoja wa wahariri wa mafunzo ya kimataifa ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu. Kuanzia mwaka 2009 mafunzo hayo yalitolewa katika hospitali nane za nchi hii. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013 na Georgina Msemo na wenzake, yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Idadi ya walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, miili yao ikiwa bado haijaharibika, ilipungua kwa asilimia 24.

Takwimu hiyo ya pili inastahili kusomwa mara mbili. Mafunzo yalihusu mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Ilikuwaje basi wazaliwa wafu wakapungua? Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba baadhi yao hawakuwa wafu. Walikuwa watoto walio hai ambao hawakulia, hawakutikisika, na moyo wao ulikuwa ukipiga polepole pasipo mtu kuusikiliza.

Hospitali ya Haydom, iliyoko katika nyanda za juu za Mbulu, ndiko dakika zilikohesabiwa kwa makini. Huko waangalizi walikaa katika vyumba vya kuzalia wakiwa na saa mkononi. Hege Ersdal na wenzake, katika matokeo yao ya mwaka 2012, walionyesha kwamba kwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa kwa barakoa, hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16. Haydom iko juu, hewa yake ni nyembamba kuliko ya Chalinze; lakini kilichotenganisha uhai na kifo pale hakikuwa mwinuko. Kilikuwa ni sekunde.

Kwa mkunga wa Chalinze, Lugoba au Msoga, maana yake ni hii. Mtoto akitoka hukaushwa vizuri kwa kitambaa kikavu na kusuguliwa mgongoni. Akilia, huwekwa kifuani kwa mama. Asipolia baada ya kusuguliwa, na njia ya hewa haijazibwa, hakuna cha kungoja. Kabla dakika moja haijatimia, awe ameanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa, ule unaojulikana wodini kwa jina la ambu, pumzi 40 kwa dakika, na kifua kionekane kikiinuka. Kifua kisipoinuka, kichwa hurekebishwa, barakoa hubanwa upya, makamasi huondolewa. Kumning'iniza mtoto miguu juu, kumpiga makofi au kumnyunyizia maji baridi ni mambo yaliyokwisha kuthibitika kuwa hayana faida na hupoteza ile dakika.

Jambo moja huwashangaza wengi: mtungi wa oksijeni si hitaji la kwanza. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya wiki 32, Shirika la Afya Duniani limependekeza kuanza na hewa ya kawaida, hii hii ya asilimia 21. Mapafu yaliyojaa maji hayahitaji kwanza oksijeni nyingi, yanahitaji kufunguliwa. Hewa ya Chalinze inatosha kuyafungua, na ya Njombe vilevile. Chumba cha kuzalia chenye mtungi uliojaa lakini ambu yake imefungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, kina hatari kubwa kuliko zahanati isiyo na mtungi wowote.

Ikiwa hewa ilichelewa, ubongo hauumii kwa mkupuo mmoja. Seli nyingine hufa papo hapo. Nyingine hupata nafuu mtoto anapopumua, kisha huanza kufa tena baada ya saa sita na kuendelea, hata kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana ametengemaa asubuhi na usiku akapata degedege. Mama anayemwona mtoto wake amelegea kama nguo iliyoloa, hanyonyi, anapepesa macho au kutafunatafuna bila sababu, au anakunja mkono mmoja kwa mrudio, amwite muuguzi mara moja. Baadhi ya watoto hao hubaki na mtindio wa ubongo. Wengine hupona kabisa, na ni makosa kumwambia mama siku ya pili kwamba mtoto wake hatatembea.

Katika nchi tajiri watoto hawa hupozwa mwili kwa mashine kwa siku tatu. Wapo waliojaribu kuiga hayo kwa vifaa vichache. Uchunguzi mkubwa wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, ulitoa onyo: waliopozwa walikufa asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31. Kwa hiyo mahali pasipo na wodi maalumu ya uangalizi, mtoto asipozwe kwa makusudi. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, wala lisizidi hapo.

Wezi wa oksijeni walio bondeni

Ikiwa mwinuko si adui mkuu, kuna vitu vinavyofanya kazi ya mlima katika nchi tambarare. Cha kwanza ni malaria. Vimelea hujificha ndani ya kondo la nyuma, kuta zake huvimba, na oksijeni na chakula humfikia mtoto kwa shida. Ajabu ya mambo ni kwamba matokeo yake yanafanana na yale ya kuishi mita 4,000: mtoto huzaliwa na uzito pungufu. Mjamzito wa Makete ana mlima bila malaria nyingi. Wa Chalinze ana malaria bila mlima. Wa Chalinze, kwa maoni ya haki, ndiye aliye katika hatari zaidi, na ndiye mwenye dawa rahisi zaidi: chandarua, na vidonge vya SP anavyomezeshwa kliniki kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, isipokuwa kwa anayetumia kotrimoksazoli. Pamoja na hayo vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa mama mwenye upungufu wa damu ni kama msafirishaji mwenye magari machache. Hata bandari ikijaa shehena, haifiki.

Cha pili ni mkaa. Chalinze na vijiji vyake vinajua biashara ya mkaa, na katika nyumba nyingi, pwani na mlimani, jiko huingizwa chumbani ili kumpasha joto mzazi na mtoto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi, isiyo na harufu, na isiyokohoza. Gesi hiyo hushika himoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtoto aliyelala ndani ya chumba hicho anaweza kuwa amepandishwa mlima mrefu kuliko Kilimanjaro akiwa kitandani kwake. Wahudumu wa afya wakumbuke jambo hili la hatari: oksimita ya kawaida haiwezi kuitofautisha damu iliyoshikwa na gesi hiyo na damu yenye oksijeni. Itaonyesha asilimia 98 kwa mtoto anayekufa. Mtoto akiletwa amelegea kutoka chumba chenye jiko, na mama naye anaumwa kichwa, aamini habari ya jiko, si kipimo, na ampe oksijeni.

Hata hivyo haja ya joto ni ya kweli, hasa Njombe na Makete ambako usiku wa Juni na Julai baridi huingia mifupani. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari nyingi ili kujipasha, na sukari ikishuka ubongo huumia. Inawezekana kabisa kwamba katika nyanda za juu baridi inadhuru watoto wachanga wengi kuliko wembamba wa hewa. Dawa yake si jiko bali ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi juu. Kwa watoto njiti, utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza huduma ya Kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25 kwa wale wenye gramu 1,000 hadi 1,799.

Kuhusu safari

Linabaki swali la abiria wa Chalinze. Mtoto aliyetimiza miezi, anayenyonya vizuri, aliyeongezeka uzito na kuchunguzwa kliniki, anaweza kupelekwa Iringa, Njombe au Lushoto. Ndege ya abiria nayo huweka ndani hewa inayolingana na ile ya mita 1,800 hadi 2,400, na watoto husafiri humo kila siku. Anyonyeshwe wakati basi linapopanda Kitonga. Kumeza huzibua masikio, na kilio kingi cha njiani ni cha masikio wala si cha ubongo. Kushuka kutoka mlimani kuja pwani hakuna madhara ya oksijeni.

Wapo wasiopaswa kupanda kabla daktari hajawaona: njiti aliyewahi kupewa oksijeni, mtoto mwenye tundu au kasoro ya moyo, aliyekosa hewa alipozaliwa, na mwenye nimonia. Kwa hao, mishipa ya mapafu hujibana ikikosa oksijeni, na mlima wa wastani unaweza kuurudisha mzunguko wa damu katika hali ya tumboni. Mtoto mwenye manjano yanayozidi asafiri baadaye. Wanaozaliwa juu sana huwa na chembe nyingi za damu na manjano zaidi, na manjano makali huingia ubongoni. Kwa wahudumu walioko chini ya mita 2,500, yaani miji yote ya Tanzania, kiwango cha kumpa mtoto mgonjwa oksijeni hubaki chini ya asilimia 90. Kile cha asilimia 87 kimewekwa kwa ajili ya nchi za juu kuliko hapo, na kisitumike Mbeya au Arusha kama kisingizio cha kumnyima.

Njiani, mama atazame midomo na ulimi, si viganja, maana viganja vya mtoto hubadilika rangi kwa baridi tu. Ulimi ukiwa wa bluu, au mtoto akivuta pumzi zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia, akikoroma kila anapotoa pumzi, au akikataa titi mara mbili mfululizo, dereva aombwe kusimama katika kituo cha afya kilicho karibu, iwe Lugoba, Mkata au Mikumi, na safari iendelee siku nyingine.